Amri ya Kumuua Shangazi Hetty

Barua yenyewe ilikuwa ya mistari sita, imepigwa taipu, na hata sahihi ya chini ilikuwa ya karani. Wilf Ormerod aliisoma mlangoni, kofia bado kichwani. Akaisoma tena jikoni, kidole kikifuata mstari, maana shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne, na barua za wakubwa alizijua: kisu hukiweka katikati ya maneno ya adabu. Safari hii hawakujisumbua kukificha. Wasomaji wamemchoka Jem Rudd. Kura za miezi mitatu iliyopita zimemweka wa tisa kati ya hadithi tisa. Hadithi ifungwe ndani ya wiki nne. Na ili ifungwe kwa namna ya kugusa moyo, shangazi yake afe, Jem arithi akiba yake, aende zake Australia.

Shangazi yake afe. Maneno matatu, na mtu aliyeyatoa labda alikuwa anatafuna biskuti.

Kwa miaka kumi na mmoja Wilf alikuwa akimchora Jem Rudd kila wiki katika Baragumu, gazeti la katuni la wavulana. Jem alikuwa kibarua wa kiwanda cha kutia nguo rangi, hana kocha, hana hata taulo la maana. Alifanya mazoezi kwenye mfereji nyuma ya kiwanda, pale bomba linapomwaga maji ya moto, kama wanaume wote wa Scarbeck, mji wa Wilf mwenyewe, walivyojifunzia kuogelea. Kila wiki alitoka majini na rangi iliyomwagwa siku ile, leo buluu, wiki ijayo zambarau, akapanda treni hivyo hivyo kwenda kushindana na vijana wa vyuo vikuu waliovaa majoho meupe. Mabwana wa chama cha kuogelea walimtafutia kila kanuni ya kumzuia. Mara kadi yake haina muhuri, mara kucha zake zitachafua maji. Jem akawapiga wote, akarudi nyumbani. Na kisanduku cha mwisho, chini kabisa kwenye pembe ya ukurasa, hakikubadilika: Shangazi Hetty mezani, bakuli la matumbo na siki, na neno moja la kumshusha Jem asivimbe kichwa.

Hetty alikuwa na uso wa Alma. Kule ofisini Manchester hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza.

Alma alikuwa mke wa Wilf. Alikuwa mfumaji, miaka thelathini na miwili mbele ya mitambo minne iliyopiga kelele mpaka wafumaji wakazoea kusemeshana kwa midomo tu, wakiyaumba maneno makubwa makubwa ili mwenzako ayasome usoni. Hata nyumbani, penye kimya, Alma alisema hivyo, uso mzima ukishiriki. Wilf hakuwa na la kubuni, alinakili tu. Hadithi ziliandikwa ofisini, lakini maneno ya Hetty yaliachwa wazi kwa sababu mwandishi wao, aliyelelewa na yaya, hakujua mwanamke wa jikoni anasemaje. Alma ndiye aliyeyatoa, huku akimenya viazi. Vumbi la pamba lilimjaa kifuani. Daktari wa kiwanda akaandika kwamba ni mkamba wa wavuta sigara, na Alma hakuwahi kuigusa sigara maishani mwake. Kwa karatasi hiyo moja kiwanda kikanawa mikono. Alikufa mwezi wa pili, mwaka juzi. Tangu hapo Wilf alikaa mbele ya kisanduku cha mwisho kila Alhamisi, kimya, mpaka amsikie anasema kitu. Na kila Alhamisi alimsikia.

Sasa wanamtaka amlaze kitandani, amfumbe macho, amfunike shuka. Kwa wino. Mbele ya nchi nzima.

Kesho yake alipanda treni ya asubuhi.

Mhariri wa Baragumu aliitwa Bwana Thurlow, kijana wa miaka thelathini na moja, nywele zimelala kama zimelambwa. Wakubwa wa jengo lile walimwita kila mchoraji kwa jina la ukoo tupu, kama unavyoita mbwa, na mchoraji naye akatakiwa kujibu kwa "Bwana". Thurlow alimpa kiti, chai hakumpa. Wilf akasema alilojia. Kama Jem ameisha, basi ameisha. Lakini shangazi aachwe hai. Mwache aketi jikoni kwake, hadithi ifungwe hapo, nani ataumia?

Thurlow akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza kizee njia ya kwenda kituoni, kwamba wavulana hupenda chozi kidogo mwishoni. Kifo cha mama ni kizito mno kwao, kifo cha mbwa kinaleta barua za malalamiko. Shangazi ndiye saizi yake.

"Ni mwanamke wa kwenye karatasi, Ormerod," akamaliza.

"Ana jina."

"Hetty. Najua. Nasoma gazeti langu."

Wilf angeweza kumwambia. Ulimi ulifika kwenye meno ukarudi. Kumwambia kungekuwa kumkabidhi Alma kwenye mikono ile laini impime kama ilivyopima kila kitu, na pengine Thurlow angeona ni jambo la kuandikia kijihabari. Kwa hiyo alimkazia macho tu, damu ikimpanda.

"Na usinitazame hivyo," Thurlow akasema. "Si mimi niliyeamua. Ni wasomaji."

Hapo ndipo Wilf alipowachukia watu wa ngazi ile kwa mara ya elfu. Meneja wa kiwanda alisema si yeye, ni daktari. Daktari alisema si yeye, ni kanuni. Hujawahi kumpata aliyefanya. Ukifungua mlango unamkuta mtu mwingine anakuonyesha mlango unaofuata.

Thurlow alikuwa tayari na ushahidi. Kila wiki Baragumu ilichapisha kuponi. Msomaji anaikata kwa mkasi, anaandika hadithi tatu anazozipenda kwa mpangilio, anaituma ofisini, na hadithi isiyotajwa hufa. Ilikuwa sheria ya magazeti yote ya katuni, wala Wilf hakuwa na ugomvi nayo. Thurlow akavuta gunia kutoka chini ya meza, akamwaga kuponi juu ya jamvi. Ahesabu mwenyewe akitaka. Jem Rudd atamtafuta kwa tochi.

Wilf akainama, akaokota moja, akaigeuza tu bila kufikiri, kama mtu anavyogeuza tiketi ya basi. Nyuma yake palikuwa na mkono wa Alma umeshika kijiko.

Akaokota nyingine. Nusu ya uso wa Alma, jicho moja na shavu. Nyingine. Kidevu na ukingo wa bakuli. Akapiga magoti pale chini, mtu wa miaka hamsini na minane, akazigeuza kwa viganja vyote viwili, na kila aliyoigeuza ilikuwa na kipande cha mke wake kilichokatwa na mkasi wa mtoto asiyemjua.

Alisimama polepole, akaomba kuchukua konzi moja. Thurlow akacheka, akamwambia achukue hata gunia, Ijumaa zinakwenda kwenye tanuru.

Jumamosi Wilf alikwenda soko la Scarbeck, kwenye meza ya Ivy Hesketh. Ivy alifuma pamoja na Alma miaka kumi na mitano, mpaka kifua chake nacho kilipoanza kupiga filimbi akatoka akiwa bado anapumua. Sasa aliuza magazeti yaliyokwisha kusomwa: ya mapenzi upande wa wanawake, ya katuni upande wa wavulana, lete mawili uchukue moja.

"Wilf," akasema, "uso huo umeuazima kwa mwenye nyumba? Mrudishie, atauhitaji Jumatatu akija kudai kodi."

Wilf hakucheka. Akauliza kama ana Baragumu za zamani. Ivy akamwonyesha rundo linalofika kiunoni. Wilf akafungua la kwanza ukurasa wa Jem. Kisanduku cha mwisho kilikuwa kizima, Hetty amekaa mezani kwake. Akageuza, kuponi ipo nyuma, haijaguswa. La pili vivyo hivyo. Alipofika la ishirini aliacha kufungua. Akauliza mbona hakuna hata moja lililokatwa.

"Lenye tundu silipokei," Ivy akamjibu, "na vijana wanajua. Lakini hata ningelipokea, Wilf wangu, tazama mwenyewe kuponi ilipo. Wakubwa wako wameiweka mgongoni mwa Hetty. Mtoto anayempenda Jem atamkata Hetty kichwa ili ampigie Jem kura? Mmoja wa mtaa wa bomani alikata. Wenzake walimbandika jina la Kinyozi. Ana ndevu sasa, na bado ni Kinyozi."

Wilf akabaki amesimama, watu wakimpita na vikapu vyao. Ndiyo maana. Waliotuma kura ni wale ambao ukurasa wa Jem kwao ni karatasi tu. Waliompenda walilitunza gazeti likiwa zima, wakamwazima mtu anayenawa mikono kwanza, na kwa kumtunza hivyo wakamnyonga. Na nani aliyeiweka kuponi pale? Si mtoto wa Scarbeck. Ni mtu aliyekaa kitini Manchester, akaona pembe ina nafasi, hakugeuza karatasi aone upande wa pili kuna nani. Kugeuza karatasi tu. Kazi ya sekunde moja, na kwa mshahara ule hakuifanya kwa miaka yote mitatu ambayo kuponi imekaa pale.

Ivy alimsomea usoni kama walivyozoea kiwandani. Akaunda maneno kwa midomo bila sauti, yale maumbo makubwa ya zamani: yachukue. Akamjazia magazeti sitini kwenye gunia la viazi, akamwambia kwa sauti sasa kwamba anamwazima tu, na likirudi hata moja lina kunyanzi atamkunja yeye.

Jumatatu Wilf alipanda ngazi za ofisi ile na gunia begani kama muuza makaa. Akalimwaga juu ya meza ya Thurlow, juu ya barua zake na kikombe chake. Kisha akaweka pembeni kuponi zile za konzi, upande wa picha ukitazama juu, akasema alichokuja kusema kwa lugha ya Scarbeck, bila "Bwana". Kwamba hizi ni kura za wasiompenda. Kwamba magazeti haya mazima ndiyo kura za wanaompenda, na yamekaa sokoni kwa sababu mpumbavu mmoja humu ndani aliwataka watoto waharibu wanachokipenda ndipo wahesabiwe.

Thurlow apewe haki yake, hakuwa mjinga. Alifungua moja, akageuza, akafungua jingine, akageuza. Masikio yakamwiva. Akasema nafasi ya kuponi hupangwa na idara ya uchapaji. Halafu akakusanya magazeti matano, akapanda nayo juu kwa wenye kampuni.

Wilf alingoja nusu saa, dirishani moshi wa jiji ukipita. Alijiruhusu kufikiri maneno atakayoyasikia kwa Alma Alhamisi hiyo. Lazima atamtukana kidogo kwa kwenda Manchester na kola isiyopigwa pasi.

Thurlow alirudi anatabasamu. Akafunga mlango, akampa mkono, na safari hii chai ikaagizwa.

"Umeshinda, Ormerod," akasema. "Jem anabaki."

Akashusha sauti, akamfungulia siri. Baragumu inakufa. Itaunganishwa na dada yake, gazeti la Upanga, na wiki hiyo jalada lake litapiga kelele: HABARI NJEMA KWA WASOMAJI WOTE. Wilf aliijua habari njema hiyo. Kila aliyeshika brashi katika kazi ile aliijua. Gazeti la katuni likitangaza habari njema jaladani, ujue maziko yameshapangwa, na hadithi nyingi zinaingia kaburini pamoja nalo. Lakini wakubwa wameona, wamekubali, Jem Rudd atavushwa kwenda Upanga. Kurasa mbili badala ya moja. Rangi. Wavulana hatimaye watamwona akiwa zambarau.

"Na shangazi?" Wilf akauliza.

Thurlow akakoroga chai. Upanga, akasema, ni gazeti la mwendo wa kasi. Wasomaji wake ni wa kisasa, hawataki jikoni, hawataki vizee na matumbo. Kwa hiyo shangazi lazima aondoke kabla ya kuunganishwa, kama ilivyopangwa. Atakufa, Jem atauza kijumba kile, ataalikwa kwenye klabu ya mabwana, yule katibu wa chama aliyemzuia miaka yote ampe mkono. Kisanduku kikubwa, ukurasa mzima. Wilf akichore kifo hicho vizuri, akasema, maana ana mkono wa huzuni.

"Jem ampe mkono yule?"

"Mambo hubadilika, Ormerod."

"Na arithi vyombo vya Hetty aende kunywa nao."

"Ni kazi ya kudumu nakupa, mtu wangu. Wenzako saba wanapata barua kesho. Wewe unapewa kurasa mbili, tena unaninunia kwa ajili ya kizee cha wino?"

Wilf alitazama mikono yake. Kucha zilikuwa na wino usiotoka, mwaka wa kumi na moja. Kazi nyingine hakuijua, na umri wa kujifunza ulikuwa umempita. Thurlow alijua hivyo, ndiyo maana alikuwa anatabasamu. Wale watu hawakupi kitu mpaka waone umeshikwa wapi.

"Nimeshamzika mmoja," akasema Wilf.

Thurlow hakuelewa, wala hakuuliza. Akasema tu kwamba Wilf asijidanganye, Jem si wake. Hetty si wake. Picha zilikuwa mali ya kampuni tangu wino ulipokauka. Ikifika Jumatano kutakuwa na kijana mwingine amekalia kiti, na wasomaji hawatajua tofauti, kwa kuwa jina la mchoraji halijawahi kuandikwa popote.

"Basi nipeni kurasa zangu," Wilf akasema. "Za miaka yote. Mmeshazichapa, hazina kazi kwenu."

Hapo Thurlow akajibu bila hila, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Akasema hazipo. Majira ya baridi yaliyopita bomba lilipasuka ghalani, maji yakajaa, na karatasi za wachoraji ndizo zilizotandazwa sakafuni kukausha, kwa kuwa zilikuwa nene na zilinyonya vizuri.

Wilf hakupiga meza. Angeanza asingeacha. Alishika gunia, akaanza kurudisha magazeti ya Ivy, moja moja, akilinyoosha kila moja kwa kiganja, akipuliza matone ya chai. Thurlow akasema angeweza kuita mtu amsaidie. Wilf akachukua jingine. Simu ikalia, Thurlow akaiacha ilie. Sitini. Ilichukua muda mrefu, na muda wote huo bwana yule alisimama ndani ya ofisi yake mwenyewe hana pa kuketi wala pa kutazama, kwa kuwa kila jarida lililopita mbele yake lilikuwa na Hetty anamwangalia.

"Mwueni ninyi," Wilf akasema mlangoni. "Safari moja angalau afanye kazi hiyo aliyeiamuru."

Wiki sita zilizofuata alipata kazi ya kuandika vibao vya bei kwa muuza samaki, HADOKI na CHEWA, herufi kubwa nyekundu. Aliifanya kwa hasira, na herufi zikatoka nzuri. Alhamisi alikaa mezani hivyo hivyo, bila karatasi. Alma alikuwa kimya, na Wilf akaanza kuogopa kwamba wamemuua kweli, kwamba siku gazeti litakapotoka atamwona amelala pale na hatamsikia tena.

Siku yenyewe Ivy alimwita kutoka upande wa pili wa soko. Alikuwa ameliweka chini ya meza, jipya, bado linanuka mtambo. HABARI NJEMA KWA WASOMAJI WOTE, jalada lilisema, na mvulana mwenye mashavu mekundu alirusha kofia juu. Ivy hakufanya mzaha. Alimpa tu, akasimama karibu.

Wilf akafungua. Kisanduku kikubwa, kitanda, mshumaa, Jem amepiga magoti na nywele zake zimechanwa. Kwenye mto alilala ajuza mwenye kofia ya kulalia ya lesi, vidole vyembamba vimekunjwa kifuani, pua ya kiungwana. Alikuwa anamwambia Jem awe kijana mwema na awatii waliomzidi.

Wilf aliitazama picha ile mpaka Ivy akashikwa na wasiwasi, akamgusa kiwiko.

"Huyu ni nani?" Ivy akauliza.

"Simjui," Wilf akasema. Akaisogeza kwenye mwanga, akatafuta jicho, akatafuta shavu, akatafuta mkono. Kwa mara ya kwanza tangu ile barua ya mistari sita alicheka, kicheko kibaya kilichomfanya muuza jibini ageuke. "Simjui kabisa, Ivy. Wamemtafuta jengo zima wamemkosa, wakamuua mama wa mtu mwingine."